Desemba 26 tupande mlima na marafiki, tusingoje kukutana kwenye mazishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wasomaji wenzangu, hasa sisi tunaoishi huku mashariki mwa Uganda, Busia, Malaba, Tororo, Mbale mpaka kule juu Kapchorwa, juu ya jambo ambalo mimi na rafiki zangu tulilianzisha na sasa limekuwa desturi yetu, yaani kila Desemba tarehe 26, kesho yake Krismasi, tunapanda mlima pamoja. Sio mashindano na sio biashara ya mtu. Ni watu waliosoma darasa moja na kukulia mitaa ileile, wanaamka alfajiri wanaenda kupanda, wanashuka, wanakula, wanaagana mpaka mwaka ujao. Nimeona niandike mapema ili mwenye kutaka kufanya na watu wake aanze kupanga sasa hivi, sababu kitu kama hiki ukingoja mwezi wa kumi na mbili ufike ndo uanze kupiga simu hakiwezi kufanyika, kila mtu atakuwa ameshapangiwa na ndugu zake.

Kilichotusukuma ni misiba. Sisi wa umri wangu tumetawanyika, mmoja yuko Kampala ana duka la spea, mwingine anaendesha trela kutoka Mombasa kwenda Juba, yuko mwalimu, yuko nesi, yuko wa boda ambaye hakuwahi kutoka hapa mjini, na dada wawili walienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Grupu ya WhatsApp tunayo toka zamani, lakini mle ndani ni salamu za asubuhi na dua za kufowadi tu, mtu anaandika "amina" anaendelea na shughuli zake, na wewe unadhani mko pamoja kumbe hamjui hata mwenzenu alihama nyumba lini. Halafu mtu akifariki ndo tunajaa wote, na wa Kampala anapata ruhusa kazini, na wa trela anaomba apumzike Malaba siku moja. Siku tulipomzika mwenzetu mmoja tulikuwa tumekaa chini ya tenti tunangoja chakula, mwalimu akauliza mara ya mwisho tulikuwa pamoja hivi bila jeneza ilikuwa lini. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi swali lile lilinikaa kifuani hata baada ya kurudi nyumbani.

Wazee walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana, na sisi binadamu tulikuwa tumeacha kukutana, ndo pale wa boda akasema basi twendeni huko huko mlimani.

Tarehe tuliichagua kwa kufikiri. Krismasi yenyewe ni ya kanisa na ya familia, mtu ukimtoa nyumbani siku ile unamgombanisha na mama yake, na wenzetu Waislamu nao siku ile wanaalikwa huku na huku kula pilau kwa majirani. Lakini tarehe 26 ni sikukuu ya serikali, hakuna kazi, hakuna ibada maalum, na ukweli ni kwamba siku ile vijana wengi hapa kwetu wanaamka na uchovu, wanamaliza nyama iliyobaki halafu wanaelekea baa mpaka usiku, na ajali nyingi za pikipiki tunazozisikia kipindi kile zinatoka huko. Ukingoja tarehe 28 au 29 watu wameanza kuhesabu nauli ya kurudi na karo ya Januari, mawazo yameshaondoka. Na kitu kingine, wale wa Kampala wakishapanda taksi ya tarehe 23 au 24, na bei ile inayopandishwa kila mwaka, wanakuwa hapa nyumbani kwa lazima, hakuna wa kusema yuko mbali. Hali ya hewa nayo inasaidia, maana huku kwetu mvua za Novemba zikishapungua, Desemba mpaka Februari ndo kiangazi, asubuhi mbingu inakuwa safi na mlima Elgon unauona wote.

Najua wako watakaosema hivi vitu vya haikingi, yaani kupanda milima kwa kujifurahisha, ni vya wazungu. Nimesikia maneno hayo mara nyingi sana na yananiuma. Ni kweli wenzetu nje wanayo desturi ya namna hii, kwa mfano Marekani mwaka 1992 kwenye hifadhi moja ya Massachusetts inaitwa Blue Hills walianza kutembea milimani kila tarehe 1 Januari, na kufikia 2012 majimbo yote 50 yakawa yanafanya, na leo watu maelfu wanaanza mwaka wao hivyo. Ni jambo zuri na nawapongeza. Lakini sisi tulianza kutembea lini? Angalieni hija ya Namugongo, kule karibu na Kampala wanakokumbukwa Mashahidi wa Uganda. Kila mwaka kuelekea Juni 3 watu wanatoka Kasese, Mbarara, Lira, wengine wanatoka hata Kenya na Tanzania, wanatembea kwa miguu siku nyingi, wazee kwa vijana, wanalala kwenye makanisa na mashule njiani, na hakuna anayewaambia kwamba wanaiga wazungu. Angalieni Bamasaaba wa huku Elgon mwaka wa imbalu, yaani tohara ya vijana, kijana anacheza na kutembea kilima kwa kilima kutembelea ndugu zake kabla ya kusimama mbele ya watu. Na jirani zetu Watanganyika, Desemba 1961 walipopata uhuru walimpeleka Luteni Alexander Nyirenda na bendera na mwenge mpaka kilele cha Kilimanjaro. Mlima kwa Mwafrika siku zote umekuwa mahali pa jambo kubwa. Na wanaotoka milima hii yetu dunia inawajua, Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012 na Joshua Cheptegei aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024 wote ni wa Sebei, kule Kapchorwa. Mama wa Wanale, ule mlima ulio juu ya Mbale, anashuka asubuhi na mzigo wa ndizi kichwani kuja kuuza sokoni Mbale na jioni anapanda tena, na wewe kijana mwenye viatu unasema kupanda mlima ni kwa wazungu?

Sasa mwenye kutaka kuanza, ushauri wangu wa kwanza ni aanze na kilima kilicho karibu naye kabisa. Sisi tulianza na mwamba wa Tororo, huu huu ambao mtu akitoka Malaba au akipita na basi la Nairobi lazima auone umesimama peke yake juu ya mji. Kilele chake ni mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa mji wenyewe uko juu tayari, kupanda kwenyewe ni kama saa moja kwa mtu asiye na haraka. Kwa jiolojia mwamba ule ni mabaki ya volkano ya zamani, ile sehemu ngumu ya katikati iliyobaki baada ya udongo wa pembeni kuisha kwa mvua za miaka mingi mno. Nilikuwa nimekulia chini yake na sikuwa najua. Kuna mahali mwinuko ni mkali inabidi ushike kwa mikono, halafu ukifika juu upepo unakupiga usoni, unaona Kenya upande huu, unaona Elgon upande ule, na chini unaona mabati ya mtaa wako mwenyewe na barabara ya malori. Wa trela alikaa pale juu muda mrefu anaangalia foleni ya malori inavyoelekea mpakani. Akasema miaka yote amekuwa ndani ya foleni ile na hakuwahi kuiona.

Baada ya Tororo tukaenda Wanale juu ya Mbale, na huko nako nasema wazi kwamba ni moja ya mahali pazuri Uganda hii, ule ukuta wa mawe ukiwa na maporomoko membamba ya maji yanayoshuka, mashamba ya kahawa na migomba, na watoto wanaokusalimia kila kona. Halafu Sipi, ambako maji yanaanguka mara tatu, na lile poromoko kubwa ni karibu mita 100, ukisimama chini yake unalowa hata kama hujaingia majini. Njia ya kuzunguka maporomoko yote matatu inapita katikati ya bustani za watu, kwa hiyo lazima uende na kijana wa pale anayejua njia na umlipe vizuri. Kahawa ya pale wanakukaangia na kutwanga ukiona kwa macho yako, ni arabika ya Bugisu na Sebei ambayo inauzwa nje kwa bei kubwa, na wengi wetu tuliozaliwa karibu nayo tunakunywa majani ya chai tu.

Kilele chenyewe cha Elgon, Wagagai, ni jambo lingine na naomba mtu asikurupuke. Ni mita 4,321 na kipo upande wetu wa Uganda. Huwezi kukipanda tarehe 26 ukarudi kula chajio nyumbani. Njia inayoitwa Sasa, inayoanzia Budadiri, kawaida ni siku nne kwenda na kurudi, unapita msitu, unapita mianzi, unalala kambini, unalala tena karibu na pango la Mude, na usiku baridi ni kali kiasi kwamba maji yanaweza kuganda. Iko pia njia ya Piswa kutokea Kapkwata na njia ya kutokea upande wa Sipi. Lakini ukifika unaona kitu ambacho wengi hawajui tunacho, kasoko ya zamani yenye upana wa karibu kilomita 8, moja ya kubwa duniani, na ndani yake kuna bonde na chemchemi za maji moto upande wa Suam. Hii ni volkano iliyokufa zamani, umri wake ni zaidi ya miaka milioni 20. Kundi letu limeweka Wagagai kama safari ya pekee, tunaondoka tarehe 27 na wale wenye nafasi na afya, na wale wengine hawalaumiwi, wao wamemaliza tarehe 26 kwenye kilima kidogo na inahesabika vilevile.

Wasomaji wa sehemu nyingine msidhani nasema ya mashariki peke yake. Kasese mna Rwenzori, kilele cha Margherita ni mita 5,109, wa tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya, na hata bila kufika kwenye barafu (ambayo inaisha mwaka hadi mwaka, watoto wetu huenda wasiikute) vilima vya chini huko kwa Wakonzo vinatosha kabisa kwa siku moja. Kisoro mna Muhabura, mita 4,127, na Sabinyo ambako ukisimama kileleni uko Uganda, Rwanda na Kongo kwa pamoja, na hiyo yote watu wanaipanda na kushuka siku hiyohiyo. Moroto mna mlima wenu wa mita 3,083 juu ya mji. Wa Busoga mna kilima cha Kagulu kule Buyende. Wa Kumi mna miamba ya Nyero yenye michoro ya watu wa kale, pale hata bibi mwenye magoti mabaya anafika.

Nije sasa kwenye jinsi ya kuifanya idumu, maana kuanza ni rahisi, shida ni mwaka wa pili na wa tatu ambapo ule moto wa kwanza umepoa. Sisi tumejiwekea taratibu chache na nadhani ndo zimetubeba. Tarehe haijadiliwi. Hakuna kupiga kura kwenye grupu kwamba mwaka huu tufanye 27 au 30, sababu mkianza kujadili tarehe mmeshakwisha, kila mtu ana lake. Mahali panajadiliwa, tarehe hapana. Watu wakiwa wawili wanaenda wawili, wakiwa ishirini wanaenda ishirini. Mwendo unawekwa na mtu wa mwisho, yaani yule mzito kuliko wote anatangulia mbele na sisi wote tunamfuata, hakuna mwanariadha wa kukimbia kileleni halafu anatungoja huku amechoka kutungoja. Pombe hapana mpaka tumeshuka na kufika kwenye chakula, na hata hapo anayeendesha haguswi na chupa. Simu inapiga picha tu mpaka tushuke, na kwa kweli hii ilileta maneno mengi mwanzoni lakini sasa hakuna anayeilalamikia. Na mwenye msiba au mgonjwa nyumbani siku ile, tukishuka tunapita kwake sote, na viatu vyetu vya matope hivyohivyo.

Pesa isiwe kizuizi. Tulipoanza tuliona wa Kampala wanaweza kutoa hata nauli ya wote, lakini wa boda akakataa, akasema akilipiwa hatakuja tena mwaka wa pili, na ninamuelewa sana. Kwa hiyo tunachanga kidogokidogo kila mwezi kwa mobail mani, kiasi ambacho hata mwenye kibanda cha chapati anakiweza, na mweka hazina ni nesi wetu ambaye kila mwisho wa mwezi anatuma hesabu kwenye grupu, nani ametoa na nani bado, bila kumtukana mtu. Ikifika Desemba pesa ya taksi, ya kiongozi wa njia na ya chakula ipo. Walio Uarabuni wanachanga pia hata mwaka ambao hawaji, na tunawapigia simu ya video tukiwa juu, mtandao ukikubali. Kwenye hifadhi za taifa kuna ada ya kuingia na lazima utembee na askari wa wanyamapori, na sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na kidogo kuliko wageni, lakini ulizeni ofisi za UWA, yaani mamlaka ya wanyamapori Uganda, mapema, msifike getini mkaanza kuhesabu sarafu.

Chakula chetu ni cha kawaida tu, chapati, mayai ya kuchemsha, gonja, viazi vitamu, njugu za kukaanga, na chupa za chai ya maziwa yenye tangawizi. Kila mtu maji yasipungue lita mbili. Tukishuka upande wa Mbale kuna mama mmoja anatupikia malewa na matoke, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi halafu yanapikwa na njugu za kusaga, na mtu wa Kampala ambaye ameyakosa mwaka mzima ukimuona anavyokula utafurahi.

Kuhusu usalama naomba nisikilizwe vizuri, maana mlima unapendeza lakini unaua. Huku kwetu tunayo makovu. Machi 2010 kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifunikwa na maporomoko ya udongo, na Novemba 2024 Bulambuli nako watu walizikwa wakiwa majumbani mwao. Kwa hiyo kama mvua zimechelewa kuisha na udongo umelowa, msing'ang'anie mteremko kwa sababu tu mmeshachanga pesa. Mpigieni mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) wa pale, waulizeni wenyeji, wakisema hapana basi tembeeni tambarare, sisi mwaka mmoja tulizunguka mashambani na ng'ambo ya reli na siku ilikuwa nzuri tu. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi ili saa nane mchana muwe mnashuka, mawingu ya Elgon yana tabia ya kujikusanya alasiri na radi kwenye miamba wazi haina mchezo. Viatu viwe vile ulivyovizoea, usinunue vipya vya Krismasi ukaenda kuvifungulia mlimani, na sapatu acha nyumbani. Beba sweta hata kama chini kuna jua, beba tochi hata kama mnarudi mchana, na muwe na chumvi ya ORS na bandeji kwa mtu mmoja anayejulikana. Kwa wanaokwenda juu zaidi ya mita 2,500, kichwa kikianza kuuma sana, mtu anatapika, hataki kula, anayumba, hayo sio mambo ya kuvumilia wala kuombea ukiwa umekaa palepale, dawa yake ni kushuka, na kushuka mara moja, na asishuke peke yake.

Na hawa watu wanaoishi mlimani tuwaheshimu. Ile njia unayopita wewe mara moja kwa mwaka ni njia ya mtu ya kwenda shamba, na yale maharagwe pembeni ni karo ya mtoto wake. Salimia. Usikate njia ya mkato kwenye bustani. Mwaka wa imbalu, ukikutana na msafara wa kadodi, zile ngoma za imbalu, kaa pembeni upishe, na usianze kupiga picha bila ruhusa. Kavera (mifuko ya plastiki) na chupa unavyopanda navyo ushuke navyo, kuna sehemu pale juu nimeona takataka za watu waliokuja kusherehekea na nilisikia aibu kama ni mimi niliyezitupa. Sisi tunashuka na gunia, kila mtu anaokota anachokiona, chake na kisicho chake.

Mhariri, watu wakiniuliza faida yake nini naweza kuwaambia afya, maana mwili unapata kazi na presha inashuka, na hayo ni kweli, lakini kwangu mimi faida ni maneno. Kuna maneno ambayo mtu hayasemi mkiwa mmekaa mezani mnatazamana. Mkiwa mnatembea, yeye mbele wewe nyuma, mnahema, hakuna anayemuona mwenzake usoni, mtu anaanza kusema. Mmoja wetu alikuwa amepoteza kazi miezi mingi na alikuwa anaondoka nyumbani kila asubuhi amevaa vizuri ili mkewe asijue, na mara ya kwanza kulitamka ilikuwa kwenye njia ya Wanale, na kabla hatujafika chini kulikuwa na watu watatu waliokuwa wanafikiria nani anaweza kumsaidia. Dada yetu mmoja aliyerudi kutoka Uarabuni alitueleza yaliyompata kule tukiwa Sipi, polepole, vipande vipande, kuanzia poromoko la kwanza mpaka la mwisho, na hakuna aliyemkatiza. Sisi wanaume wa huku hasa tuna ugonjwa wa kunyamaza, na nimeona kwa macho yangu kwamba kutembea kunaufungua.

Halafu kuna watoto. Mwanzoni tulikuwa sisi wenyewe, sasa watoto wakubwa wanakuja, wanajuana, wanaitana binamu ingawa hakuna damu. Wanawaita rafiki zetu baba mdogo na shangazi. Binti wa mwalimu anajua majina ya miti kuliko sisi sote, na vijana wadogo wameshaanza kugombania nani atakuwa kiongozi wa mwaka gani.

Ombi langu kwa viongozi ni dogo. Wilaya zetu zina vilima ambavyo vingeweza kuwa mali ya kila mwananchi siku za sikukuu, kinachohitajika ni kibao cha kuonyesha njia, choo chini ya kilima, na vijana wachache wa pale waliofundishwa huduma ya kwanza ambao wanajulikana kwa LC ili mgeni asitapeliwe na mwenyeji asinyimwe haki yake. Na UWA nao waangalie kama wangeweza kuchagua sikukuu moja kwa mwaka ambapo makundi ya wananchi wanaingia kwa ada ndogo zaidi, mwaka huu Elgon, mwaka ujao Rwenzori. Mtu akishaupanda mlima na rafiki zake hawezi tena kunyamaza akiona msitu wake unakatwa usiku.

Na kwako Mhariri, naomba kuanzia toleo la Novemba mtenge kona ndogo ambapo wasomaji wanatuma jina la kilima watakachopanda tarehe 26, saa ya kuondoka na mahali pa kukutana, ili aliye peke yake apate wa kwenda naye. Sisi mwaka huu tunarudi mwamba wa Tororo kwa sababu kuna mama wa rafiki yetu amesema na yeye anataka kufika juu kabla miguu haijamkataa, na tutampandisha taratibu. Tunakutana stendi ya taksi Tororo mjini saa kumi na moja na nusu asubuhi. Anayetaka kuja aje na maji yake na chapati mbili, moja yake na moja ya jirani.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mfanyabiashara wa mpakani,
Malaba, Uganda